Nyumba ya Watu Wote, Ufunguo wa Mtu Mmoja

Usiku wa Jumamosi, tarehe 5 Agosti 2023, moto uliwaka katika nyumba moja iliyopinda karibu na kijiji cha Himley, Staffordshire, katikati ya Uingereza. Wazima moto walikuta barabara ya kuingilia imezibwa na lundo la udongo. Jumatatu yake, majivu hayajapoa sawasawa, mashine ikaja ikabomoa kilichosalia. Halmashauri ya South Staffordshire ilikuwa imeridhia sehemu chache tu za ghorofa ya juu ziondolewe kwa ajili ya usalama. Jioni ile hapakuwa na ghorofa ya juu wala ya chini. Polisi walitangaza kwamba wanauchunguza moto huo kama wa kuwashwa kwa makusudi. Nyumba yenyewe ilikuwa baa iliyojulikana kama Crooked House, yaani Nyumba Iliyopinda, na ilikuwa imeuzwa wiki chache tu kabla.

Ilijengwa mwaka 1765 kama nyumba ya shamba. Chini yake kulikuwa na makaa ya mawe. Wachimbaji walipoyatoa, ardhi ilititia, na upande mmoja wa nyumba ukashuka zaidi ya mita moja kuliko mwingine. Takriban mwaka 1830 ikaanza kuuza bia. Katika miaka ya 1940 ilinusurika kubomolewa, kiwanda cha bia cha eneo hilo kilipoikaza kwa nguzo na vyuma. Tangu hapo watu walitoka mbali kuja kuona gololi ikipanda meza. Haikuwa ikipanda, bila shaka. Ukikaa ndani ya kuta zilizopinda, macho nayo hupinda.

Kila baa ya kijiji inapofungwa Uingereza, maelezo huwa yale yale: vijana hawanywi, bia ya supamaketi ni rahisi, sigara zimepigwa marufuku, trafiki ana kipima ulevi. Yote hayo ni kweli, na nitayarudia. Lakini yote yanamkodolea macho mnywaji. Mimi nataka tumtazame mwenye ufunguo.

Tuanze na jina. Neno pub ni kifupi cha maneno mawili yenye maana ya nyumba ya umma. Kiswahili kina baa na kina kilabu, lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalobeba ahadi hiyo ya ajabu: kwamba hapa ni nyumbani kwa mtu, ila kila mtu anaruhusiwa kuingia. Ahadi ilikuwa ya kweli mwanzoni, kwa sababu baa ya kijiji ilikuwa nyumba hasa. Katika Enzi za Kati mpishi wa pombe alikuwa kwa kawaida mwanamke, mara nyingi mjane, aliyeloweka shayiri mpaka ikawa kimea, akapika, na ikiwa tayari akatundika kijiti au kifungu cha majani mlangoni ili majirani wajue. Pombe hiyo isiyo na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ilichacha ndani ya siku chache. Haikuweza kusafiri. Ilipikwa ilipo kiu.

Kisha yakaja maua ya hopsi kutoka ng'ambo ya bahari, upande wa Flanders na Uholanzi, katika karne ya 15. Watu hudhani hopsi ni suala la ladha, ule uchungu. Kwa historia ya baa, kubwa zaidi ni kwamba hopsi huhifadhi bia. Pipa likaweza kukaa wiki nyingi, likapakiwa kwenye mkokoteni na kuuzwa mbali. Anayepika akaweza kuishi mbali na anayekunywa. Upishi ukaanza kudai mtaji na mapipa makubwa, na polepole ukatoka mikononi mwa wanawake wa jikoni. Naona hapo ndipo hadithi ya kufungwa kwa baa ilipoanzia, karne tano kabla ya moto wa Himley.

Serikali haikuchelewa. Sheria ya mwaka 1552, chini ya mfalme kijana Edward VI, ilitaka kila muuza pombe apate kibali cha mahakimu wawili wa eneo lake. Mwaka 1577, wakati wa Malkia Elizabeth I, nyumba za pombe zilipohesabiwa kwa ajili ya kodi zikakutwa zaidi ya 14,000 za kuuzia pombe ya kawaida, mbali na nyumba za wageni na za mvinyo. Halafu, mwaka 1830, Bunge likafanya kinyume kabisa. Likihofia jini, ile pombe kali, zaidi ya bia, na likichoshwa na mahakimu waliowapendelea wapishi wakubwa, likaruhusu mlipa kodi yeyote wa mtaa afungue nyumba ya bia kwa leseni ya gini mbili, yaani pauni 2 na shilingi 2, bila kumpigia hakimu magoti. Ndani ya miaka minane nyumba hizo zilifika takriban 46,000. Baa nyingi za vijijini ambazo leo zinaitwa za kale na za tangu enzi zilizaliwa katika wimbi hilo, zikiwa sebule ya mhunzi au mchonga magurudumu ambaye mke wake alichota bia kwa jagi.

Ni rahisi kusahau mambo yaliyofanyika ndani ya sebule hizo mbali na kunywa. Mtu akifa kifo cha ghafla, maiti ililazwa chumba cha nyuma cha baa na kikao cha uchunguzi kikakaa chumba cha mbele, kwa kuwa kijijini, ukiacha kanisa, hapakuwa na ukumbi mwingine. Sheria ya mwaka 1902 ndiyo iliyoanza kuutoa uchunguzi wa vifo katika nyumba za pombe. Vibarua walilipwa ujira wao baani. Fikiria hila iliyomo: mlipaji anakawia makusudi, kibarua anakunywa kwa deni akingoja, na mshahara unaishia kwa mwenye baa kabla haujamfikia mke. Bunge lilipiga marufuku mtindo huo kwa wafanyakazi wa mikono mwaka 1883. Kwa hiyo wanaoililia baa ya zamani kana kwamba ilikuwa kituo cha upendo wakumbuke kwamba ilikuwa pia mtego.

Lakini ilikuwa na upande mwingine. Vyama vya kufaana, ambavyo wanachama wake walichanga peni kadhaa kila wiki ili mgonjwa apate matibabu na marehemu apate jeneza, vilikutana baani kabla dola haijawa na bima yoyote. Fedha zao ziliwekwa katika sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, mara nyingi tatu, na kila ufunguo ukakaa kwa mtu wake. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Sanduku hilo lilikaa ndani ya nyumba iliyokuwa na ufunguo mmoja tu, wa mwenye nyumba. Wanakijiji walijua namna ya kulinda fedha za pamoja. Jengo la pamoja halikuwa lao.

Na mwenye ufunguo ndiye aliyeamua umma ni nani. Wakati mwingine aliamua vizuri. Juni 1943, katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, wanajeshi weusi wa Marekani walikuwa wakinywa pamoja na wenyeji katika baa ya Ye Olde Hob Inn. Inasimuliwa kwamba makamanda wa Kimarekani walipotaka baa za pale zitenge watu kwa rangi, wenye baa walitii kwa namna yao: wakatundika vibao kutangaza kwamba humu wanahudumiwa wanajeshi weusi tu. Usiku wa tarehe 24, polisi wa jeshi walijaribu kuwakamata baadhi ya wanajeshi hao nje ya baa. Ugomvi ukageuka mapambano ya risasi yaliyoendelea hadi alfajiri, na askari mmoja mweusi, William Crossland, akauawa.

Wakati mwingine aliamua vibaya. Mwaka 1964, mjini Bristol, Paul Stephenson, kijana mweusi Mwingereza, alikataa kutoka katika baa ya Bay Horse mpaka ahudumiwe. Akakamatwa, akashtakiwa, kesi ikatupwa. Mwaka uliofuata sheria ya mahusiano ya rangi ikapiga marufuku ubaguzi katika sehemu za umma, baa zikiwemo. Wanawake walingoja zaidi: ni mwaka 1982 ndipo Mahakama ya Rufaa iliposema kwamba El Vino, nyumba ya mvinyo ya waandishi wa habari mtaa wa Fleet, London, haiwezi kuwakatalia kuhudumiwa wakiwa wamesimama kaunta kama wanaume. Nyumba ya umma, ndiyo. Umma uliopitishwa kwanza kwenye chujio.

Wakati huo mwenye ufunguo mwenyewe alikuwa amekwisha badilika. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 viwanda vikubwa vya bia viliuza hisa kwa watu wa mjini, na fedha zilizopatikana zikanunua baa, moja baada ya nyingine, ili kujihakikishia soko. Mwenye baa akawa mpangaji, na sharti la upangaji likawa moja: hapa unauza bia yetu. Waingereza huiita baa ya namna hiyo nyumba iliyofungwa, kwa maana ya kufungwa kamba. Kiswahili kinatupa utani wa bure hapo, kwani neno ni hilo hilo kwa kamba na kwa mlango.

Kufungwa kwa baa, basi, si msiba wa karne ya 21. Sheria ya mwaka 1904 iliweka utaratibu wa kuzifunga zile zilizoonekana kuzidi idadi, kwa fidia iliyotoka katika mfuko uliochangiwa na baa zilizobaki, na sehemu kubwa ya fidia ilikwenda kwa mwenye jengo. Maelfu zilikufa kabla ya vita vya 1914. Vita vyenyewe vikaleta saa za kufunga mchana, kwa hofu kwamba mfanyakazi mlevi hawezi kutengeneza mizinga, na amri hiyo ya dharura ikadumu Uingereza hadi 1988. Miaka sabini na zaidi! Serikali hazisahau kuanzisha. Huwa zinasahau kuondoa.

Lakini pigo ambalo wachambuzi wengi hulipitia haraka, na ambalo kwangu ni kiini cha mambo, lilikuja mwaka 1989, nalo lilikusudiwa kuwa dawa. Tume ya ukiritimba iligundua kwamba kampuni sita zilitengeneza takriban robo tatu ya bia yote nchini, na zilimiliki makumi ya maelfu ya baa za kuiuzia. Serikali ya Margaret Thatcher ikaamuru: kampuni ya bia yenye baa zaidi ya 2,000 iziachie huru nusu ya zile zinazozidi idadi hiyo. Ilidhaniwa kwamba wapangaji wangezinunua baa zao na bia ndogo za mikoani zikapata kaunta.

Tatizo ni kwamba amri ilimbana mwenye kiwanda. Haikumgusa mtu mwenye baa 5,000 asiyepika hata tone la bia. Basi zikazaliwa kampuni za kumiliki baa tu, Enterprise Inns na Punch Taverns zikiwa kubwa kuliko zote, ambazo zilinunua baa kwa maelfu kwa fedha za mikopo. Kiwanda cha bia, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa na sababu ya kutaka baa iendelee: kilihitaji mahali pa kuuzia bia. Kampuni mpya ilikuwa na majengo, viwanja na madeni. Mpangaji akawa analipa mara mbili, kodi ya pango upande huu, na upande ule nyongeza ya bei kwenye kila pipa analolazimika kulinunua kupitia mwenye nyumba. Malalamiko yalichukua miaka mingi mpaka sheria ya 2015 ikaleta kanuni na msuluhishi, kwa kampuni zenye baa 500 na zaidi zilizofungwa kwa mikataba hiyo. Wakati huo mtikisiko wa uchumi wa 2008 ulikuwa umekwisha kuzibana kampuni hizo na riba za madeni yao, nazo zikaanza kuuza. Baa ipi inauzwa kwanza? Ile ndogo, iliyo kijijini, yenye bustani nyuma na nafasi ya kuegesha magari.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ya kikatili. Katika kijiji kizuri kinachovutia wastaafu na wenye nyumba za mapumziko, jengo la mawe lenye dari ya mbao linaweza kuwa na thamani kubwa zaidi likiwa makazi kuliko likiwa baa, hata kama baa ina wateja. Kwa kubadili matumizi kuwa makazi kunahitajika kibali, na ili kukipata husaidia sana kuthibitisha kwamba biashara imeshindikana. Basi biashara hushindikana. Jiko linafungwa, mpangaji mzuri haongezewi mkataba, anawekwa wa muda mfupi, paa linavuja bila kutengenezwa, saa zinapunguzwa mpaka mtu hajui lini pamefunguliwa. Miaka miwili baadaye vitabu vya mahesabu vinapelekwa halmashauri, navyo vinasema kweli: hakuna faida. Si kila baa iliyofungwa ilifishwa hivyo. Lakini wanaharakati wa CAMRA, chama cha wanywaji kilichoanzishwa mwaka 1971 kupinga bia baridi ya mapovu ya viwanda vikubwa, waliona mtindo huo ukijirudia kiasi cha kuandaa kipimo chao wenyewe cha kupima kama baa kweli haiwezi kujiendesha.

Sheria nazo zililala muda mrefu. Mpaka Mei 2017, baa nyingi Uingereza ziliweza kugeuzwa duka, au kubomolewa, bila kuomba kibali cha mipango. Sheria ya mwaka 2011 iliruhusu wanakijiji kuiandikisha baa kama mali yenye thamani kwa jamii. Ikiuzwa, wanapata wiki sita za kusema wanaitaka na jumla ya miezi sita ya kutafuta fedha. Inasikika vizuri. Ila mwishoni mwa miezi hiyo mwenye nyumba halazimiki kuwauzia. Anaweza kukaa kimya, kuhesabu siku, na kumuuzia aliyemtaka tangu mwanzo. Mswada uliofika Bungeni Julai 2025 ulipendekeza kuwapa jamii haki ya kwanza ya kununua, jambo ambalo lingekuwa na meno zaidi.

Nimeahidi kumrudia mnywaji. Kipima ulevi kilikuja na sheria ya 1967, na baa ya shambani, isiyofikika kwa basi, iliumia kuliko ya mjini. Marufuku ya sigara ndani ilianza Uingereza tarehe 1 Julai 2007. Kuanzia 2008 hadi 2012 ushuru wa bia ulipandishwa kila mwaka juu ya mfumuko wa bei, na katikati ya muongo wa 2010 bia inayonunuliwa dukani ikaipita inayouzwa baani. Halafu Machi 2020 milango yote ikafungwa kwa korona. Bili za umeme zikaruka 2022. Aprili 2025 mchango wa mwajiri katika bima ya taifa ukapanda hadi asilimia 15. Nchi nzima ilikuwa na baa takriban 60,000 mwaka 2000. Sasa zimebaki kama 45,000.

Lakini kama mnywaji ndiye aliyepotea, ajira zingepotea pamoja naye. Mwaka 2018 ofisi ya takwimu ya taifa ilipochunguza miaka kumi iliyopita, ilikuta karibu robo ya baa zimetoweka, zaidi ya 11,000, na hata hivyo idadi ya watu walioajiriwa katika baa haikushuka. Ndogo zilifungwa, kubwa zikakua, zikaajiri wapishi, zikauza chakula cha mchana cha Jumapili. Watu hawakuacha kwenda baa. Waliacha kuwa na baa ya kuiendea kwa miguu. Kwa haki, niseme pia kwamba vipo vijiji ambavyo waliotia saini waraka wa kuiokoa baa walikuwa hawajaingia humo tangu Krismasi.

Mfano wa kinyume uko Hesket Newmarket, kijiji kidogo chini ya vilima vya Cumbria. Mwaka 2003 wanakijiji na marafiki zao, zaidi ya mia moja, walichanga wakainunua baa yao, The Old Crown, kama ushirika. Kiwanda kidogo cha bia kilicho nyuma ya baa kilikuwa kimekwisha kuwa cha ushirika miaka minne kabla. Katika ushirika wa namna hii mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja wana kura sawa, kwa hiyo hata ofa nono ya mnunuzi wa nyumba za mapumziko lazima ipite katika mkutano wa watu wanaokunywa pale. Ni lile sanduku la kufuli tatu, safari hii likiwa na paa na kaunta. Baa za jamii nchini sasa zimezidi 150. Mbele ya 45,000 ni tone, na mfuko wa serikali wa pauni milioni 150 uliokuwa ukizisaidia ulifungwa mwishoni mwa 2024. Wala si muujiza: bili ya umeme haiulizi kama wewe ni ushirika.

Himley hakukuwa na ushirika. Kampuni ya Marston's ilikuwa imeitangaza Nyumba Iliyopinda sokoni kwa pauni 675,000, ikauzwa Julai 2023, na yaliyofuata tumeyaona. Februari 2024 halmashauri iliwaamuru wamiliki waijenge upya kama ilivyokuwa kabla ya moto, ndani ya miaka mitatu, nao wakakata rufaa. Jambo hilo linawezekana: Carlton Tavern ya London, iliyobomolewa bila kibali Aprili 2015, ilijengwa upya kwa amri ya halmashauri ya Westminster na kufunguliwa Aprili 2021. Kwa Himley kazi ni ngumu zaidi. Fundi atatakiwa kuinua kwa makusudi, kwa timazi na vipimo, ukuta ulioinama kama ule ambao mgodi uliuinamisha kwa bahati mbaya. Kuhusu nani atakayefungua mlango asubuhi na kuchota bia ya kwanza, sheria ya mipango haina kifungu.